Daktari Norman Leys: mgeni aliyetaka mwenyeji apone

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeizoea mno, hata twaitamka kabla mgeni hajavua viatu mlangoni. Lakini nchi yetu imepata wageni wengi ambao walipokuja mwenyeji hakupona, bali alizidi kuumwa. Leo, msomaji mpendwa, nataka nikusimulie habari za mgeni mmoja aliyekuja akiwa tabibu hasa, mwenye shahada ya udaktari, akaona kwamba ugonjwa wa wenyeji wake si wa kutibiwa kwa dawa ya chupa, akajaribu kuutibu kwa kalamu na kwa sheria. Jina lake Norman Leys. Alizaliwa mwaka 1875, akafa mwaka 1944. Wenye kusoma historia ya Kenya wanamjua sana. Sisi watu wa Mombasa hatumtaji, ingawa alipata kufanya kazi katika mji wetu, na ni katika mji wetu huu ilikozikwa kesi iliyomfanya afukuzwe nchini.

Mimi mwenyewe sikumjua kwa kusoma. Nilianza kumtafuta kwa sababu ya swali nililoulizwa Doldol.

Swali la Doldol

Doldol ni mji mdogo wa Laikipia, kaskazini ya Nanyuki. Ukiupa mgongo Mlima Kenya na kuishika njia hiyo, utauona mwanzo wa safari ni seng'enge na mwisho wake ni vumbi. Vilima vya Loldaiga vinakusindikiza upande wa kulia. Ndani ya ua wa mashamba makubwa nyasi zimesimama. Nje ya ua, kando ya barabara, mbuzi wa watu wanatafuta majani ambayo mimi kwa macho yangu ya pwani sikuyaona. Nilikwenda huko kumtazama mwana wa ami yangu, ambaye ana duka la nguo na vyombo, na nikakaa kwake siku nne.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka, akaja mzee mmoja wa Kimaasai, mkongojo mkononi, shuka begani. Tuliamkiana, tukaulizana hali na habari za mvua. Aliposikia nimetoka Mombasa alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ile nyumba ya mahakimu iliyoko karibu na bahari bado imesimama. Nilidhani ana kesi. Kumbe anauliza kesi ya babu zake. Alinieleza kwamba tangu utotoni alisikia wazee wakisema shauri la Laikipia liliteremshwa mpaka baharini, na halikupanda tena. Yeye hajapata kuiona bahari, wala baba yake hakuiona.

Nilitahayari. Mahakama ya zamani ya Mombasa, iliyojengwa mwaka 1902, imesimama mkabala na Ngome, na leo ni mahali pa maonyesho chini ya Makumbusho ya Taifa. Utotoni mwangu nilipita hapo kila siku nikienda chuoni, juzuu kwapani. Nilijua hadithi za Mreno na za Mazrui waliokuwa ndani ya Ngome. Kwamba watu wa Laikipia waliwahi kuleta madai ya nchi yao katika mji wangu, hilo sikulijua, na mzee wa Doldol akalijua. Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma.

Ahadi ya miaka saba

Kwanza tuieleze nchi yenyewe. Wamaasai waliingia karne ya ishirini wakiwa wamechoka. Sotoka ilikuwa imewamalizia ng'ombe, ndui imewaua watu, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vimewagawa. Wakati huo huo Mwingereza alikuwa amemaliza kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa, mwaka 1901, akitafuta watu weupe wa kukaa kando yake na kulima ili reli ijilipe. Macho yake yaliangukia Bonde la Ufa, nayo ilikuwa nchi ya malisho ya Wamaasai.

Mwezi Agosti 1904, Kamishna Sir Donald Stewart alifanya mkataba na Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana, na wakubwa wengine wa Kimaasai. Wakubali kutoka katika Bonde. Badala yake watapewa sehemu mbili, moja kusini, na moja kaskazini katika Laikipia. Mkataba ulisema mpango huo utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani wakiwa taifa.

Haukudumu. Walowezi walipoiona Laikipia wakaitaka nayo. Mwezi Aprili 1911, mwezi mmoja baada ya kufa Olonana, Gavana Percy Girouard alitia saini mkataba wa pili wa kuwahamisha watu wa kaskazini wote waende kusini. Ahadi iliyowekwa kwa muda wa uhai wa taifa zima iliishi miaka isiyotimia saba. Na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilipotoka, walowezi waliruhusiwa kukodi ardhi kwa miaka 999. Hesabu hizo mbili, msomaji, ziweke pamoja katika karatasi moja, utaona ubaguzi wa rangi ulivyo kabla hujatiwa maneno yoyote.

Kuhama kulianza katikati ya mwaka 1911, kukasimamishwa kwa sababu wanyama na watu walikwama njiani katika baridi na uhaba wa malisho, kukaanza tena mwaka 1912, kukaisha mwaka 1913. Watawala waliandika kwamba walihamisha watu kama 10,000, ng'ombe 175,000 na kondoo zaidi ya milioni moja. Wanahistoria wa baadaye wameona kwamba hesabu hiyo ni ndogo kuliko kweli. Wakubwa wa kaskazini hawakuwa na moyo mmoja juu ya safari ile, na mkuu wao Ole Gilisho, ambaye karatasi za wakati huo zinamwandika Legalishu, aliipinga.

Daktari aliyeona

Hapo ndipo anapoingia mgeni wetu. Leys alikuwa kijana wa malezi ya dini ya Kikristo ya Kiskochi, akasomea utabibu Glasgow, kisha akaja Afrika mwanzoni mwa karne, akatumikia serikali ya Kiingereza katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na katika Himaya ya Afrika Mashariki. Alihudumu Mombasa, alihudumu Nakuru. Kazi ya daktari wa serikali siku hizo ilimfikisha mahali ambapo afisa wa afisini hakufika: nyumba za wagonjwa, kambi za vibarua, jela, mashamba ya walowezi. Aliwaona watu wakiwa uchi wa afya zao, akajua wanalipwa nini, wanakula nini, na wanakufa kwa nini.

Wako madaktari wengi walioona hayo hayo, wakaandika taarifa, wakapanda vyeo, wakastaafu kwa amani. Leys hakuweza. Alipojua jambo la Laikipia linavyokwenda, alianza kuwaandikia rafiki zake Uingereza, miongoni mwao Profesa Gilbert Murray wa Oxford, na habari zikafika kwa wabunge, maswali yakaulizwa Bungeni London. Zaidi ya hayo, alikuwa na mkono katika kuwafanya Wamaasai wajue kwamba wanaweza kutafuta wakili. Jambo hili huenda likaonekana dogo leo, ambapo kila mwenye kiwanja chenye mgogoro ana wakili. Wakati ule kumwambia Mwafrika kwamba anaweza kumshtaki Gavana lilikuwa karibu na uasi, na aliyemwambia alikuwa akila mshahara wa Gavana huyo huyo.

Lakini tusiwapunguzie wenyewe sifa yao. Daktari alionyesha mlango. Walioingia ni Wamaasai. Ole Gilisho na wenzake walikuwa watu wasiosoma kitabu, mali yao ilikuwa ng'ombe, na wakili hulipwa kwa fedha. Walikuwa katikati ya kuhamishwa kwa nguvu, familia zao zimo njiani. Hata hivyo walimpata wakili, Alexander Morrison, na kesi ikafunguliwa kwa jina la Ole Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Himaya. Walidai kwamba mkataba wa 1904 bado uko hai, na kwamba ule wa 1911 haukuwafunga, kwa kuwa waliotia saini hawakuwa na mamlaka ya kuwauzia watu wote nchi yao.

Mwenyeji aitwa mgeni

Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka mwezi Mei 1913. Wamaasai wakakata rufaa, na mwezi Desemba mwaka ule ule Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaketi hapa Mombasa na kuitupa. Nataka msomaji aielewe vizuri sababu yake, maana ni ya ajabu.

Mahakama haikusema Wamaasai hawakuonewa. Ilisema haina uwezo wa kuliangalia jambo lenyewe. Kwa nini? Kwa sababu Himaya ya Afrika Mashariki, kwa macho ya sheria ya Kiingereza, haikuwa nchi ya Uingereza bali nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake. Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme; walikuwa taifa jingine lililofanya mapatano na dola. Na mapatano ya dola na dola hayaamuliwi na mahakama ya kawaida, hata upande mmoja ukiyavunja. Kwa hivyo watu waliokuwa wakiswagwa na askari wa serikali kutoka katika malisho yao waliambiwa na serikali hiyo hiyo kwamba mbele ya sheria wao ni wageni.

Sisi wa Mwambao tunaujua uzito wa neno himaya. Siku hukumu ile iliposomwa, bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilikuwa ikipepea juu ya Ngome, nayo ilipepea hivyo mpaka Desemba 1963, kwa mkataba wa mwaka 1895 uliouweka ukanda wa maili kumi chini ya utawala wa Mwingereza kwa jina la Sultani. Tumekulia katika nchi ya mikataba. Tunajua jinsi karatasi inavyoweza kumlinda mtu, na jinsi karatasi hiyo hiyo inavyoweza kugeuzwa upande wa pili ikamtoa nje.

Kesi haikufika kwa Baraza la Mfalme London. Laikipia ikawa ya walowezi. Zilibaki sehemu za kaskazini zilizo kame, karibu na msitu wa Mukogodo, wakaachiwa watu wa Mukogodo waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kwa asali, pamoja na vikundi vingine vidogo. Hapo ndipo palipo Doldol. Watu hao wa Mukogodo, Wayaaku, baadaye waliacha lugha yao wakasema Kimaasai, hata leo wanaojua Kiyaaku wanahesabika kwa vidole. Gavana Girouard naye hakusalimika: alijiuzulu mwaka 1912 baada ya kuhitilafiana na wakubwa zake wa London kuhusu ahadi za ardhi ya Laikipia walizopewa walowezi.

Na daktari? Serikali ilichunguza, ikajua barua zilitoka kwake. Mwaka 1913 alitolewa Afrika Mashariki akarudishwa Nyasaland, mbali na Wamaasai, mbali na wakili, mbali na kesi.

Kalamu ya Brailsford

Mtu mwingine angeishia hapo, akaihesabu kuwa ajali ya ujana. Leys alikuwa na miaka thelathini na minane, na kazi yake kubwa ilikuwa haijaanza. Alikuwa Nyasaland mwaka 1915 mchungaji John Chilembwe alipoongoza uasi dhidi ya mateso ya mashamba ya Wazungu, uasi uliozimwa kwa siku chache kwa damu nyingi. Leys alitazama sababu zake akaona ni zile zile za Kenya: ardhi, kodi, kazi ya shuruti, na dharau.

Kifua kikuu kikamshika. Mwaka 1918, akiwa mgonjwa na utumishi wake umefika mwisho, alimwandikia Waziri wa Makoloni barua ndefu sana, akieleza jambo baada ya jambo yaliyotendeka Afrika Mashariki na kuonya kwamba mambo hayo yatazaa maasi. Wizara haikuitangaza. Lakini nakala ilimfikia J. H. Oldham, katibu wa umoja wa vyama vya misheni, mtu aliyejua milango yote ya wakubwa London. Wawili hao wakaandikiana kwa miaka.

Leys alikwenda kukaa katika kijiji cha Brailsford, karibu na Derby, akawa daktari wa wakulima wa Kiingereza. Mchana aliwatibu watu wa kijiji. Wakati uliobaki aliutumia kwa Afrika. Alipokea barua kutoka Kenya, akasoma taarifa za serikali, ripoti za bajeti, hesabu za kodi. Silaha yake ilikuwa hiyo: alizisoma karatasi za watawala kwa makini kuliko wao wenyewe. Alionyesha jinsi Mwafrika anavyolipa kodi ya kibanda na jinsi fedha hizo zinavyotumika kwa barabara, shule na hospitali za watu wengine.

Wakati huo serikali ya Kenya ilitoa waraka, mwaka 1919, ukiwataka maafisa na machifu kuwahimiza watu waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na wanaume wakaanza kuvikwa kipande shingoni. Wenzetu waliokaa Unguja watakumbuka kwamba Askofu Frank Weston wa huko aliandika kijitabu mwaka 1920 kuupinga mpango ule, akaita utumwa kwa jina lake. Oldham alikusanya maaskofu na mabwana, Leys akampa hoja na mifano, na mwezi Septemba 1921 Waziri wa Makoloni Winston Churchill alitoa agizo la kuwazuia maafisa wa serikali wasiwatafutie walowezi vibarua, ila kwa kazi za serikali. Lilikuwa tone, lakini lilidondoka.

Mwaka 1924 Leys alitoa kitabu, akakiita Kenya. Kilichapishwa na Hogarth, kampuni ndogo ya Leonard Woolf na mkewe Virginia, wote waandishi, na utangulizi wake uliandikwa na yule yule Gilbert Murray. Humo aliieleza kesi ya Wamaasai, ardhi, kodi na kazi. Wakati huo Harry Thuku alikuwa mfungwa Kismayu, na damu ya watu waliopigwa risasi Nairobi mwezi Machi 1922 haijasahauliwa. Walowezi walikikasirikia kitabu; watu wa chama cha Leba walikisoma. Leys akaingia katika kamati ya chama hicho ya mambo ya dola, ambayo Woolf alikuwa katibu wake, akiwa pamoja na rafiki yake William McGregor Ross, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya ujenzi Kenya, naye akaandika kitabu chake mwaka 1927.

Tabia yake

Sipendi kumsifu mtu hata nikamgeuza malaika. Leys alikuwa mgumu. Oldham aliamini kuwasogeza wakubwa pole pole, kwa chakula cha jioni na maneno laini. Leys aliamini kwamba anayedhulumiwa hana haja ya pole pole. Urafiki wao ukapoa. Aliwalaumu wamisheni, aliwalaumu mawaziri wa chama chake mwenyewe, na Leba iliposhika serikali asione tofauti kubwa, akatoa kitabu cha pili mwaka 1931 kuonya kwamba nafasi ya mwisho inapita. Hakuwapenda wale waliotaka kuwaweka Waafrika katika makabila yao kama vitu vya makumbusho. Alitaka haki moja na kura moja kwa kila mtu, bila kutazama rangi. Kwa watu wengi wa siku zake, hata marafiki, hilo lilikuwa limevuka mpaka.

Pia ni kweli kwamba alisema kwa niaba ya watu wasiokuwapo chumbani. Miaka yote ile katika kamati za London, Mwafrika alizungumziwa zaidi kuliko kuzungumza. Zamu hiyo ilibadilika baadaye. Mkutano wa kwanza wa kususia bidhaa za Afrika Kusini ulipofanywa London mwezi Juni 1959, ambao ndio uliozaa chama kikubwa cha kupinga ubaguzi huko, mmoja wa wasemaji alikuwa Julius Nyerere, akisema kwa kinywa chake. Leys hakuishi kuyaona hayo, lakini jukwaa lile lilisimama juu ya magogo ambayo yeye na wachache wenziwe waliyakata.

Mwaka 1939 serikali ilizifunga kwa sheria Nyanda za Juu ziwe za Wazungu peke yao. Mwaka 1941, mabomu yakiwa yanaianguikia Uingereza, mzee huyu mwenye kifua kibovu alitoa kitabu chake cha tatu, juu ya ukuta wa rangi katika Afrika Mashariki. Taifa zima lilikuwa likipigana na Hitler na mafundisho yake ya damu bora, na yeye akawakumbusha watu wake kwamba wana sheria za namna hiyo katika nchi wanazozitawala. Alikufa mwaka 1944. Mwaka huo huo Eliud Mathu akawa Mwafrika wa kwanza kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Laikipia ilikuwa bado imefungwa.

Bahasha yangu

Hesabu ya maisha yake, ukiipiga kama mfanyabiashara, ni ya hasara. Kesi ilishindwa, kazi ilipotea, vitabu havikurudisha hata eka moja. Basi kwa nini mzee wa Doldol bado anaiuliza nyumba ya mahakimu? Nadhani ni kwa sababu dai lililoandikwa halifi kama linavyokufa dai lililonung'unikwa. Mwezi Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka mia, Wamaasai waliandamana Nairobi na Laikipia, wakaingiza ng'ombe wao katika mashamba makubwa. Polisi walifyatua risasi na mzee mmoja akauawa. Walioandamana walikuwa wakitaja tarehe na majina yaliyomo katika karatasi zile zile za 1904 na 1911. Na miaka miwili kabla yake, mwaka 2002, mawakili kutoka Uingereza walisimama na watu wa Doldol na Archers Post walioumizwa na mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi ya jeshi la Kiingereza. Watu zaidi ya 200 wakalipwa pauni milioni 4.5. Safari hii hapakuwa na hakimu wa kuwaambia kwamba wao ni wageni.

Sasa niseme langu, ndiyo nimalize. Nilipokuwa na miaka thelathini na kitu, wazee watatu wa kijiji kimoja cha pwani waliniletea bahasha. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za zamani za shamba, barua, na ramani iliyochorwa kwa mkono. Pamezungushwa ukuta, wakasema, na makaburi ya wazazi wao yamo ndani. Nilianza kuandika. Kisha mtu mmoja niliyemheshimu akanishauri kwa upole kwamba nina watoto wanaosoma. Nikaiweka bahasha katika mtoto wa meza, nikajiambia nitaitoa mambo yakitulia. Mwalimu wangu wa chuoni alitufundisha, tungali wadogo, kwamba mwenye kuuficha ushahidi moyo wake una dhambi. Nilikuwa nikiisoma aya hiyo kila mwaka mwezi wa Ramadhani, na bahasha imo ndani ya meza.

Leys hakuwa mtu wa dini yangu, wala wa rangi yangu, wala wa nchi hii. Aliona, akashuhudia, akalipa.

Nimeitoa bahasha. Katika wale wazee watatu, wawili wamekwisha kufika mbele ya haki, Mungu awarehemu. Wa tatu nilimwendea mwezi uliopita. Nilikuwa nimejitayarisha kulaumiwa, nimetunga na maneno ya kuomba radhi. Hakuniuliza nilikuwa wapi miaka yote hiyo. Aliniuliza kama karatasi zote ziko, na kama nimezisoma. Tukatandika mkeka, tukaanza kuzisoma pamoja, moja baada ya moja.

Na mwana wa ami yangu nimempigia simu Doldol, amfikishie salamu mzee wake. Nyumba ya mahakimu bado imesimama, mlango uko wazi, na akipenda kuja kuiona bahari, mwenyeji yupo.